Kufundisha Kani na Momenta Sekondari: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Fizikia

Chora mpira ubaoni. Sema umerushwa wima kwenda juu, mkono umeshauachia, na sasa uko katikati ya safari yake ya kupanda. Kisha uliza: ni kani zipi zinazoukabili mpira huu hivi sasa? Darasa likiwa la kawaida, wengi watachora mishale miwili. Mmoja ni wa graviti, unaoelekea chini. Wa pili unaelekea juu, tena mrefu zaidi, nao wataupa jina la "kani ya mkono" au "kani ya mwendo".

Mshale huo wa juu haupo. Mkono haugusi tena mpira, na hakuna kitu kingine kinachousukuma kwenda juu. Walimu wengi huufuta, huandika sheria ya kwanza ya Newton pembeni (kitu huendelea na mwendo wake ulivyo mpaka kani iubadilishe), na kuendelea. Wiki tatu baadaye mshale uleule unaibuka kwenye mtihani.

Unarudi kwa sababu mwanafunzi hakukosea kabisa. Ameona kwamba mpira unaopanda umebeba kitu ambacho mpira uliotulia hauna, na kwamba kitu hicho kinapungua kadiri unavyopanda. Hilo ni kweli. Katika karne ya 14, mwanafalsafa Jean Buridan wa Paris aliwaza hivyohivyo: kitu kilichorushwa hubeba msukumo wa ndani, na ukubwa wake unategemea wingi wa maada na kasi. Kitu anachokiona mwanafunzi kipo, ila si kani. Ni momenta, yaani tungamo la kitu (wingi wa maada yake) mara velositi yake (kasi pamoja na mwelekeo). Kwa hiyo mwongozo huu haufuati mpangilio wa vitabu vingi wa kufundisha kani kwa majuma kadhaa na kuiweka momenta mwishoni kama sura ya ziada. Unaileta momenta mapema, ili ule mshale wa juu upate mahali pake halali.

Mpango huu unahitaji takriban vipindi kumi na viwili vya dakika arobaini. Hatua hazilingani kwa urefu: ya tatu, ya nne na ya tano ndizo zinazokula muda.

Vifaa

Unahitaji matoroli mawili ya maabara au magari mawili ya kuchezea yenye magurudumu yanayozunguka vizuri, mawe ya mizani au vitu vingine vya kuongeza tungamo, mizani mbili za springi, gololi, rula ndefu yenye mfereji katikati, puto, uzi, mrija, na kibanio cha nguo. Simu yenye kamera inayorekodi mwendo wa polepole itasaidia sana, lakini hakuna jaribio hapa linaloitegemea. Kalamu za rangi mbili ni za lazima. Mwongozo huu unatumia nyekundu na bluu.

Jaribu kila kitu peke yako siku moja kabla. Gurudumu lililokwama kidogo linatosha kuvuruga jaribio zima la momenta, na darasa litaondoka likiamini kwamba fizikia ni ya kitabuni tu.

Hatua ya 1: Jua wanachoamini (kipindi kimoja)

Andaa maswali matatu yasiyo na namba hata moja. La kwanza ni lile la mpira uliorushwa juu. La pili: lori zito linagongana uso kwa uso na gari dogo, wakati wa mgongano, lipi linaipa jenzake kani kubwa zaidi? La tatu: kitabu kimetulia juu ya meza, je, meza inakisukuma kitabu, au inakizuia tu?

Kila mwanafunzi aandike jibu lake kimya kwenye karatasi. Kisha wapige kura kwa kunyoosha vidole vya mkono vilivyobanwa kifuani, ili mtu asifuate jirani. Wape dakika mbili au tatu wabishane wawiliwawili, halafu wapige kura tena. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliujenga ufundishaji wake juu ya utaratibu wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliokokotoa vizuri walishindwa maswali mepesi ya dhana.

Jambo gumu katika kipindi hiki ni kunyamaza. Usitoe jibu. Usikunje uso anaposema mtu jambo la ajabu. Uliza tu, "Kwa nini unafikiri hivyo?" na uandike sababu ubaoni kwa maneno yao wenyewe. Kusanya karatasi na uzihifadhi. Utazitumia katika hatua ya tano na ya sita.

Hatua ya 2: Mwendo hauhitaji kisukumio (kipindi kimoja na nusu)

Dai la kwanza la kuvunja ni kwamba kitu kikiachwa bila kusukumwa kitasimama chenyewe. Viringisha gololi ileile kutoka kimo kilekile cha rula iliyoinamishwa, kwanza juu ya kitambaa kinene, kisha juu ya karatasi, kisha juu ya kioo au sakafu laini. Wapime umbali. Kisha uliza swali ambalo Galileo aliliuliza katika karne ya 17: msuguano ukiendelea kupungua, gololi itafika wapi? Na usipokuwepo kabisa?

Ukiwa na sidii ya zamani isiyotumika, gundisha kizibo cha chupa kilichotobolewa juu ya tundu lake, vika puto lililojaa hewa kwenye kizibo, na uweke sidii juu ya meza tambarare. Hewa inayotoka chini inaiinua kidogo, na msukumo mdogo wa kidole unaipeleka mbali kwa kasi ambayo haionekani kupungua. Wanafunzi wataicheza kwa muda mrefu kuliko ulivyopanga. Waache.

Ongeza mfano mmoja wa mbali: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinasafiri nje ya eneo la sayari kwa takriban kilomita 17 kila sekunde, na hakuna injini inayokisukuma. Hapa watu huuliza, "Basi kinaendeshwa na nini?" Swali hilo ni zuri kuliko jibu lolote la kitabu. Liandike ubaoni na useme jibu linakuja vipindi vijavyo.

Hatua ya 3: Jenga momenta kabla ya kani (vipindi vitatu)

Hapa ndipo penye kazi. Lengo ni wanafunzi waone kwa macho yao kwamba tungamo mara velositi ni kiasi chenye maana, si fomula iliyoshuka kutoka juu.

Kwanza, onyo. Kuna jaribio linalopendwa sana: gololi inashuka kwenye rula, inagonga kiboksi cha karatasi, na wanafunzi wanapima kiboksi kimeteleza umbali gani, kisha wanaambiwa umbali huo unapima momenta. Haupimi. Kasi ya gololi ikiwa mara mbili, kiboksi hakiendi mara mbili bali karibu mara nne, kwa sababu umbali wa kuteleza hadi kusimama unafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Mwanafunzi makini ataona namba hazikubali, na mwalimu asiyejiandaa atamwambia ni makosa ya vipimo. Liache jaribio hilo hadi siku ya kufundisha nishati.

Tumia badala yake mlipuko wa matoroli mawili. Yaweke yakigusana katikati ya meza ndefu, na springi iliyobanwa kati yao. Kama hayana springi, bana mikia ya kibanio cha nguo, ifunge kwa uzi, iweke kati ya magari mawili, kisha uunguze uzi kwa kiberiti. Usikate kwa mkasi, kwani mkasi utayasukuma magari upande mmoja. Mikia itafunguka ghafla na magari yatatawanyika.

Weka kizuizi cha mbao kila upande. Kazi ya wanafunzi ni kusogeza vizuizi mpaka matoroli yote mawili yagonge kwa wakati mmoja. Hawahitaji saa wala kamera, wanahitaji masikio: milio miwili inamaanisha bado, mlio mmoja inamaanisha tayari. Kwa kuwa muda ni uleule, uwiano wa umbali ndio uwiano wa kasi. Umbali upimwe kutoka ncha ya mbele ya kila toroli hadi kizuizi chake, na usizidi mita moja ili msuguano usiingilie mno.

Anza na matoroli yenye tungamo sawa. Vizuizi vitakaa umbali sawa, na hakuna atakayeshangaa. Kisha ongeza tungamo la moja liwe mara mbili ya jenzake, lakini kabla ya kuachia, kila kundi litabiri. Wengine watasema lile zito litapata kasi kubwa "kwa sababu lina nguvu", wengine nusu, wengine robo. Jaribio litajibu: la kilo 1 likienda sentimita 60, la kilo 2 linaenda 30. Jaribu tatu kwa moja. Baada ya mara ya tatu, kuna mtu darasani atasema bila kuambiwa kwamba ukizidisha tungamo kwa kasi, pande zote mbili zinatoka sawa. Msubiri mtu huyo. Akishasema, lipe zao hilo jina: momenta, kipimo chake kilogramu mita kwa sekunde.

Sasa leta mwelekeo. Kabla ya mlipuko, kila kitu kimetulia, momenta ni sifuri. Baada ya mlipuko, kila upande una momenta. Imetoka wapi? Mwanafalsafa René Descartes alikwama karibu na hapa, kwa kuhesabu ukubwa wa mwendo bila kujali upande unakoelekea, na sheria zake za migongano hazikulingana na vitu halisi. Mwanafizikia Christiaan Huygens, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1669, alionyesha kwamba hesabu hukubali pale tu mwelekeo unapoingizwa. Andika ubaoni: kilo 1 ikienda kulia kwa mita 2 kwa sekunde ni +2, kilo 2 ikienda kushoto kwa mita 1 kwa sekunde ni −2. Jumla ni sifuri, kama ilivyokuwa mwanzo.

Usiharakishe alama za chanya na hasi. Makosa mengi ya mtihani katika mada hii si ya fizikia, ni ya alama. Jenga desturi moja na usiivunje: kabla ya hesabu yoyote, mwanafunzi anachora mshale mdogo juu ya ukurasa na kuandika "chanya ni huku". Asiyeuchora asipewe alama ya hatua ya kwanza, hata kama jibu lake ni sahihi. Ni ukali kidogo, lakini unalipa.

Na Voyager? Rudi kwenye swali mlilolibakiza. Hakiendeshwi na kitu. Kina momenta, na hakuna kinachoichukua isipokuwa mvuto wa Jua, ambao kwa umbali ule ni hafifu mno.

Hatua ya 4: Kani ni kasi ya kubadilika kwa momenta (vipindi viwili)

Newton alipoandika sheria yake ya pili mwaka 1687, hakuandika kani ni tungamo mara mchapuko (badiliko la velositi kwa kila sekunde). Alisema badiliko la mwendo huenda sambamba na kani iliyotiwa, na kwa "mwendo" alikuwa ameshaeleza kwamba anamaanisha tungamo na velositi kwa pamoja. Kuanza na momenta, kwa hiyo, si ubunifu wa walimu wa leo.

Ufafanuzi wa darasani uwe mfupi: kani inaeleza kila sekunde momenta kiasi gani inaingia au kutoka kwenye kitu. Momenta ni kama maji yaliyomo kwenye ndoo, kani ni kasi ya bomba. Ndoo inaweza kuwa imejaa wakati bomba limefungwa, na bomba linaweza kuwa wazi kabisa wakati ndoo ni tupu. Mlinganisho huu unafaa kwa dakika tano tu, kwa sababu maji hayana mwelekeo na momenta inao. Utumie kisha uuache.

Mpe kila mwanafunzi hesabu moja ya kuhisi jambo: kani ya niutoni 20 inasukuma kwa sekunde 3. Momenta iliyoingia ni 60 kg·m/s, iwe imesukumwa nini. Toroli la kilo 30 lililokuwa limetulia litapata mita 2 kwa sekunde. La kilo 60 litapata mita 1. Zao la kani na muda ndilo linaloitwa impalsi. Kutoka hapo F = ma inajitokeza yenyewe: tungamo lisipobadilika, kubadilika kwa momenta ni tungamo mara kubadilika kwa velositi, na ukigawa kwa muda unapata mchapuko. Waache waifanye wenyewe, mistari miwili tu.

Kisha hesabu ambayo haipaswi kukosekana. Mpira wa kilo 0.4 unaufikia ukuta kwa mita 15 kwa sekunde na kurudi kwa mita 10 kwa sekunde. Uliugusa ukuta kwa sekunde 0.02. Kani ya wastani ni ngapi? Nusu ya darasa itatoa 10 kwenye 15, ipate 5, na kufika niutoni 100. Jibu sahihi: velositi imetoka +15 hadi −10, imebadilika kwa 25, momenta imebadilika kwa 10 kg·m/s, na kani ni niutoni 500 kuelekea mbali na ukuta. Usiwasahihishe kwa fomula. Waulize: ukuta ungelazimika kufanya nini ili tu kuusimamisha mpira? Na kisha ufanye nini tena ili kuurudisha? Kazi hizo mbili zinajumlishwa, hazitolewi.

Malizia kwa muda wa mgusano. Rusha yai kwa nguvu kwenye shuka iliyoshikwa na wanafunzi wawili, ncha ya chini ikiwa imekunjwa kuwa mfuko; halipasuki. Halafu fanya hesabu ya mtu wa kilo 60 aliye ndani ya gari linalokwenda mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Momenta yake ni 900. Akisimamishwa na mkanda kwa sekunde 0.15, kani ya wastani ni niutoni 6,000. Akisimamishwa na dashibodi kwa sekunde 0.01, ni niutoni 90,000. Momenta iliyopotea ni ileile, muda ndio uliobadilika. Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kazi yake ni hii: kurefusha muda na kuitandaza kani juu ya mifupa inayoweza kuihimili.

Hatua ya 5: Michoro ya kani kwa rangi mbili (vipindi viwili)

Nyekundu ni ya kani pekee, bluu ni ya momenta pekee. Mshale wa kani unaanzia kwenye kitu chenyewe. Mshale wa momenta unachorwa pembeni, haugusi kitu, kwa sababu haumsukumi mtu. Unaeleza tu hali ya kitu kwa wakati ule.

Kila mshale mwekundu lazima uandikwe sentensi yenye mtendaji na mtendwa: "Dunia inauvuta mpira", "meza inakisukuma kitabu", "sakafu inalisugua toroli". Mwanafunzi akishindwa kumtaja mtendaji, mshale unafutwa. Hakuna rufaa. Atakayeandika "mwendo unausukuma mpira" aulizwe mwendo ni kitu gani, uko wapi, umeugusa mpira sehemu gani.

Sasa rudisha karatasi za siku ya kwanza na wachore upya mpira uliorushwa juu, katika nafasi tano: mara tu baada ya kuachiwa, katikati ya kupanda, kileleni, katikati ya kushuka, na karibu na mkono tena. Ukipuuza upinzani wa hewa, mshale mwekundu ni mmoja, unaelekea chini, na urefu wake ni uleule katika nafasi zote tano. Mshale wa bluu unaelekea juu na ni mrefu, unafupika, unatoweka kileleni, kisha unaota upya kuelekea chini. Ile hisia waliyokuwa nayo, kwamba kuna kitu kinachopungua mpira unapopanda, iko pale kwenye karatasi kwa rangi ya bluu. Hawakunyang'anywa wazo lao. Limehamishwa tu.

Kileleni watabishana. Wengi watasema pale hakuna kani kwa sababu mpira umesimama. Uliza: kama hakuna kani, nini kitabadilisha momenta yake kutoka sifuri? Ungebaki palepale hewani. Swali hilo moja hufanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa.

Kwa swali la meza, anza na kitu kinachoonekana kubonyea: weka kitabu juu ya springi, kisha juu ya godoro la sponji, kisha juu ya rula nyembamba iliyolazwa kati ya viti viwili, kisha juu ya meza. Wanafunzi wengi watakubali kwamba kila kimoja kimebonyea na kinasukuma kurudi. Wakaidi wachache waonyeshe kwa kioo: simamisha kioo kidogo juu ya meza, kielekezee mwanga wa leza unaodundia ukuta wa mbali, kisha mwambie mtu aegemee meza. Kidoa cha mwanga kitasogea. Meza imepinda.

Somo la miinamo na kugawa kani katika vijenzi viwili linaingia hapa, lakini halina jambo jipya la dhana. Ni trigonometria. Lipe kipindi kimoja cha mazoezi na uendelee.

Hatua ya 6: Sheria ya tatu, bila "tendo na mwitiko" (kipindi kimoja)

Msemo wa tendo na mwitiko unaleta picha ya kitu kimoja kuanza na kingine kujibu baadaye. Ni heri useme: kani huja kwa jozi. A anapomsukuma B, B anamsukuma A, wakati uleule, kwa ukubwa uleule, kuelekea upande wa pili.

Unganisha mizani mbili za springi, wanafunzi wawili wavute, mmoja mwenye nguvu na mmoja mdogo. Mwambie mwenye nguvu afanye mizani yake isome zaidi kuliko ya mwenzake. Hataweza, na darasa litacheka. Kisha mfanye mmoja ashikilie tu bila kuvuta: bado zinasoma sawa.

Rudi kwenye lori na gari dogo. Kani ni sawa, muda wa kugusana ni mmoja, kwa hiyo momenta iliyopotezwa na moja imepatikana na jingine. Gari dogo linaharibika zaidi kwa sababu badiliko lilelile la momenta, likigawanywa kwa tungamo dogo, linatoa badiliko kubwa la velositi. Hapa wanafunzi wanagundua kwamba sheria ya tatu na uhifadhi wa momenta ni jambo moja lililotazamwa pande mbili, na kwamba mlipuko wa matoroli ulikuwa umeshawaonyesha.

Kosa moja la kudumu: kudhani kwamba uzito wa kitabu na msukumo wa meza ni jozi ya sheria ya tatu. Si jozi. Kani zote mbili zinakikabili kitabu kilekile. Zile sentensi za hatua ya tano zinatatua hili bila kelele: "Dunia inakivuta kitabu" ukiigeuza unapata "kitabu kinaivuta Dunia", na hiyo ndiyo jozi yake.

Kuhusu roketi, wape kisa cha Robert Goddard, mwanasayansi wa Marekani aliyetafiti roketi. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimdhihaki katika tahariri, likidai roketi haiwezi kufanya kazi kwenye ombwe kwa kukosa kitu cha kusukumia. Gazeti lilichapisha masahihisho mwezi Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda Mwezini. Fungia puto kwenye mrija uliopitishwa uzi, liachie, na uulize ni nani anayelisukuma. Si hewa ya chumbani. Ni hewa inayotoka ndani yake.

Hatua ya 7: Migongano (kipindi kimoja na nusu)

Kabla ya hesabu yoyote, mwanafunzi achore duara la vistari kuzunguka vitu anavyovihesabu. Huo ndio mfumo wake. Momenta ya jumla ndani ya duara haibadiliki iwapo hakuna kani halisi (jumla ya kani zote, pamoja na mielekeo yake) inayotoka nje ya duara. Mtu atauliza juu ya bonge la udongo lililogonga ukuta na kunata: momenta yake imekwenda wapi? Imevuka duara na kuingia kwenye ukuta, na kupitia ukuta ikaingia kwenye Dunia, ambayo tungamo lake ni kubwa kiasi kwamba badiliko la kasi halionekani. Panua duara, na hesabu inakubali.

Fanya mgongano wa kunata kwanza. Kilo 2 kwa mita 3 kwa sekunde zinagonga kilo 1 iliyotulia na kwenda pamoja: 6 kugawa kwa 3, mita 2 kwa sekunde. Kisha wahesabu nishati mwendo (nusu ya tungamo mara kasi iliyozidishwa kwa yenyewe): ilikuwa jouli 9, imebaki 6. Momenta imehifadhiwa, nishati mwendo haikuhifadhiwa. Tofauti hii waiandike kwa sentensi yao wenyewe, si yako.

Kile kifaa cha mipira ya chuma inayoning'inia mstarini kinavutia macho, lakini usianze nacho. Uhifadhi wa momenta peke yake hauelezi kwa nini mipira miwili ikigonga hutoka miwili na si mmoja wenye kasi mara mbili. Inahitajika nishati pia. Kilete mwishoni, kama fumbo kwa wanaotaka zaidi.

Upimaji, na ukibanwa na muda

Mtihani wa mada hii uwe na maswali ya dhana yasiyopungua nusu. Mfano: "Toroli linakwenda kulia huku kasi yake ikipungua. Chora mshale wa momenta na mshale wa kani halisi. Eleza." Aliyeelewa ataweka bluu kulia na nyekundu kushoto. Aliyekariri ataweka zote kulia. Swali kama hilo linakupa habari nyingi kuliko hesabu tano za kuingiza namba kwenye fomula. Katika hesabu, gawa alama: mwelekeo wa chanya, mfumo uliochorwa, mlinganyo, jibu lenye kipimo. Jibu tupu lisilo na kipimo lisipate alama kamili.

Kama shule imekupa vipindi vinane badala ya kumi na viwili, ondoa miinamo na uitoe kama kazi ya nyumbani, fupisha jaribio la nyuso tofauti liwe onyesho la dakika kumi, na uache migongano ya pande mbili (isiyo kwenye mstari mmoja) kwa wale watakaoihitaji kwenye mitihani ya juu. Kipindi cha kwanza cha maswali usikiguse, wala mlipuko wa matoroli, wala michoro ya rangi mbili. Na ukibakiwa na vipindi sita tu, hata sheria ya kwanza usiifundishe kama somo la peke yake: itoe ndani ya hatua ya nne, kama hali ambapo kani halisi ni sifuri na momenta haibadiliki.